Saa Moja mpaka Lubumbashi, na Yai la Kabange

Tangu nirudi sina raha ya kupita sokoni. Kila anayekutana nami ananishika mkono, ananipa pole, kisha anauliza lile lile: "Mwalimu, kutoka hapa mpaka Lubumbashi na ndege ni muda gani?" Nikijibu "saa moja" wanacheka, maana wanajua nilianza safari Jumanne nikafika Alhamisi. Nimechoka kusimulia nusunusu barabarani, jua likinipiga utosini. Ninyi walimu wenzangu mliobaki na darasa langu siku zile, nimewaandikia yote. Someni, halafu mniache.

Kwa walio wageni shuleni kwetu, mimi ni Kyungu. Kwa Baluba, mtu akiitwa Kyungu, pana Kabange mahali fulani, maana ndiyo majina ya mapacha: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Sisi tulitoka tumbo moja siku moja, na sura ni moja mpaka leo, isipokuwa yeye ni dereva wa lori kule Lubumbashi na ana kitambi.

Jumatatu lori lake lilipinduka. Mke wake, shemeji yangu Ngoie, alinipigia simu akilia. Paja limevunjika vipande vipande, madaktari watampasua Alhamisi saa nane mchana. Ila damu yake ni O negatif, damu ya watu wachache, na kwetu mnajua ilivyo: mgonjwa akihitaji damu, ndugu ndio wanaoitafuta. Mji mzima walikuwa wamempata mtu mmoja tu, akatoa chupa moja.

"Yaya Kyungu, kuya na damu yako," Ngoie aliniambia, maana kwetu kaka mkubwa ni Yaya. "Dokta anasema bila chupa ya pili hawezi kumufungua. Na kama hamufungui siku ile, kidonda kitaoza, tutamupoteza."

Nikamwambia asilie, Jumanne adhuhuri nitakuwa pale. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Kamina: kungoja ndege ilie

Jumatatu ile ile nilikwenda darasani, nikachukua rula, nikaiweka kwenye ramani ya ukutani, toka Kamina mpaka Lubumbashi. Sentimita ishirini na nusu. Sentimita moja ya ramani yetu ni kilomita ishirini, kwa hiyo kilomita mia nne na kumi kwa njia ya anga. Ndege ndogo inazimaliza kwa saa moja, au saa na dakika kidogo upepo ukiwa mbele. Nilifurahi kama mtu aliyekwisha kufika. Mwalimu wa jiografia akishika rula anajiona Mungu mdogo.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Watu wa mji wetu hatuendi uwanjani kwa saa, tunakwenda kwa masikio. Uwanja uko pale pale mjini, ndege ikija lazima izunguke juu ya paa zetu, na ikisha kutua inakaa ikishusha mizigo. Basi mtu anakaa kwake anakunywa chai. Ikilia, anabeba sanduku. Baba alisafiri hivyo, na mimi nimesafiri hivyo mara zote.

Jumanne mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikaa sebuleni nimevaa viatu, begi katikati ya magoti, nasikiliza. Mke wangu alipita mara tatu.

"Papa, enda tu ukangojee kule ku uwanja. Leo si siku ya kukaa."

"Mama, minyi ni muntu wa Kamina," nikamjibu. "Ndege ikilia, natoka."

Ikafika saa tatu, ikafika saa nne. Saa nne na nusu simu ikalia badala ya ndege. Alikuwa kijana wa uwanjani anayeandikisha wasafiri.

"Mwalimu, weye uko wapi?"

"Niko ku nyumba, niko nangoja ndege ilie."

"Ilie wapi? Ndege ilishaka kutua ku Baze! Uwanja wa mu mji iko matope tupu. Bengine bote bako huku. Kimbia!"

Baze ni kambi ya jeshi, nje ya mji, ina uwanja wake mkubwa wa saruji. Ndege inayotua kule haipiti juu ya nyumba yangu hata kidogo. Mke wangu alinipa mwavuli tu, na mwavuli ule uliniuma kuliko matusi.

Njia ya Baze

Pikipiki ya kwanza niliyoiona niliirukia. Dereva alikuwa mtu mzima, mtaratibu, anakwepa madimbwi kama anayekwepa watoto waliolala. Nilimpigia kelele, nikampiga bega, nikamwambia ndugu yangu anakufa.

"Baba, tukianguka, mutakuwa babili ba kufa," akanijibu, akaendelea vile vile. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

Tuliteleza mara moja, nikashuka kusukuma, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope, nikakirudia. Tulipoanza kuona miti ya kambi, ndipo niliposikia mlio. Ule ule niliokuwa nikiungoja tangu alfajiri. Ulikuja kwa mbele, ukakua, ndege ikapita juu ya vichwa vyetu, magurudumu bado yako nje, ikaelekea kusini mashariki. Tulisimama tukaitazama hadi ikaingia mawinguni.

"Njo ile?" dereva akauliza.

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye maji nikalia, mimi mwenye watoto watano.

Baze: kwa Mama Bolumbu

Kijana wa wasafiri alikuwa na huruma. Aliniambia Alhamisi asubuhi itapita ndege ya mizigo, tena haitatua mjini, itatua hapa hapa. Jumatano hakuna kitu. Nikaapa sitarudi nyumbani, nitalala pale pale kwenye lango kama mbwa, ndege isinipite tena.

Askari wa lango akataka kujua mtu mzima huyu anangoja nini. Kwa jinsi nilivyochanganyikiwa nikamwambia, "Nimebeba damu ya ndugu yangu, lazima ifike Lubumbashi."

Akarudi nyuma hatua moja. "Damu? Fungua hiyo begi."

Nikafungua. Akatoa shati, akatoa Biblia, akatikisa soksi zangu. "Damu iko wapi?"

"Iko mu mishipa yangu, mukubwa. Nakwenda kuitoa kule."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Alipotulia akaniambia kwa sauti ya chini, na neno hili lilinigharimu baadaye: "Papa, ku ndege usiseme mambo ya damu. Batafikiri uko na ugonjwa, batakushusha." Nikaliweka moyoni.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mama Bolumbu, mke wa sajini, anayeuza mikate ya kukaanga na mayai karibu na lango. Ni mtu wa Ekwateri, kule kaskazini, Kiswahili chake kimepakwa Lingala, sauti yake inafika mpaka barabarani. Aliposikia habari yangu alipiga makofi mara moja. "Nzambe! Weye ni mapasa, pacha?" Basi, kuanzia hapo kila kitu kikawa viwili. Sahani mbili za bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo, vipande viwili vya samaki wa chumvi, vikombe viwili vya chai. Kwao ni kama kwetu: ukimpa pacha mmoja, umpe na mwenzake hata kama hayupo, la sivyo umeleta balaa. Sahani ya Kabange iliwekwa mbele ya kiti kitupu, tukasali, kisha watoto wake wakaigawana.

Mimi sikuigusa. Mama yetu, Mungu amrehemu, alitulea kwa kijila kimoja, mwiko ambao hakuna aliyethubutu kuuvunja: mtoto pacha asile sehemu ya mwenzake. Wengine wote wanaweza kuila, isipokuwa yeye. "Siku utakula ya mwenzako," alikuwa akituambia, "njo siku umemuzika." Nimesoma, nahubiri kanisani Jumapili nikipewa zamu, na mwiko ule bado uko mwilini mwangu kama chanjo.

Jumatano kutwa nilitunzwa kama yai. Mama Bolumbu alinipa chandarua cha mwanawe, maana malaria ikiingia kwenye damu hiyo, hospitali wataikataa. Jirani mmoja alinikaribisha pombe, akafukuzwa kwa ufagio. "Usiharibu damu ya Mwalimu!" Hata wake za askari wasionijua walipita kuuliza damu imeamkaje. Nilicheka kidogo. Lakini kila lori lililonguruma lilinisimamisha.

Jioni nikaongea na Kabange. Ngoie alimshikia simu.

"Kyungu."

"Niko."

"Balikupa nini?"

Ndivyo tunavyosalimiana tangu utoto, maana kila mmoja ana cha mwenzake mkononi. Nikamwambia mama mmoja wa Ekwateri amechemsha mayai mawili ya safari.

"Yangu iko?"

"Iko mu mufuko."

"Uilinde," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sijawahi kuisikia hivyo. Simu ikakatika.

Angani: jua upande mbaya

Alhamisi ndege ilitua kweli, na mimi nilikuwa wa kwanza kuifikia. Alfajiri nilikuwa nimekula yai langu na mkate. Yai la Kabange lilikuwa mfukoni mwa koti, limefungwa kwenye kipande cha kitenge. Mama Bolumbu alinisukuma mgongoni kunipandisha, akanipungia mikono yote miwili, mmoja wangu, mmoja wa Kabange.

Tuliruka saa tatu. Nilikaa juu ya magunia, dirisha la kushoto, nikaanza hesabu zangu: saa moja, saa nne tuko chini, saa tano niko hospitalini, saa tatu nzima kabla ya kisu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha ndege ikapinda. Nikaona jua.

Mtu anayekwenda Lubumbashi asubuhi, jua la kuchomoza lazima liwe kushoto kwake. Nimewafundisha watoto jambo hili miaka kumi na minane. Lile jua lilihama kutoka dirisha langu, likavuka, likaingia kwa dirisha la kulia. Nilifikiri nimekosea. Nikatazama chini: badala ya mashamba nikaona maji, maji na matete, vinyasi vinang'aa mpaka mwisho wa macho. Upemba. Tulikuwa tunakwenda kaskazini mashariki, na Lubumbashi iko nyuma ya mgongo wangu.

"Tunaenda wapi?" nikamwuliza msaidizi wa rubani.

"Mulongo, kubeba samaki. Dakika tano tu, kiisha Lubumbashi."

Nilikuwa na ramani kichwani, laana yangu hiyo. Toka Mulongo mpaka Lubumbashi ni kilomita zile zile, mia nne na kitu. Yaani tungetumia nusu saa angani, tushuke, na bado tubakiwe na saa moja kamili, kama vile hatujaondoka.

Mulongo: dakika tano

Tulishuka saa tatu na nusu kwenye uwanja wa nyasi. Magunia ya samaki wa chumvi yalikuwa pale, lakini nusu yake bado yako kwenye mitumbwi, wenyewe wanakuja. Rubani, mtu mnene mwenye miwani myeusi, akatuambia asiende mtu mbali. "Dakika tano."

Saa nne, dakika tano. Saa nne na nusu mitumbwi ikafika, magunia yakapimwa, ndege ikawa nzito, wakashusha mengine, wenye mali wakagombana. Dakika tano. Kijiji kiko mbali kidogo, moshi wa majiko nauona, hata harufu ya bukari upepo uliniletea, lakini nani angeondoka? Mtu aliyekwisha kuachwa na ndege mara moja hawezi kuipa kisogo. Nikabaki nimeshika bawa kwa mkono, kama mtu anayeshika mbuzi asitoroke. Rezo, mtandao wa simu, hakuna, hata mstari mmoja.

Saa tano. Jua linawaka, maji yangu yamekwisha, na chakula cha alfajiri kilikuwa kimekwisha kusahaulika tumboni. Nikaona weusi, nikateleza chini ya bawa nikakaa. Nikakumbuka neno ambalo Ngoie alilirudia kila alipopiga simu: muuguzi amesema aje ameshiba, mtu mwenye njaa hatumtoi damu, ataanguka.

Kilichokuwepo cha kuliwa ni yai.

Nililitoa. Nikakifungua kile kitenge. Jamani, nawaambia nyinyi na msinicheke: niliogopa yai lile kuliko nyoka. Nikalirudisha mfukoni. Nikalitoa tena. Nikasema moyoni, mama, ukiwa unasikia, nifanyeje? Nikilihifadhi, nitafika nimeanguka, Kabange atakufa kwa kukosa damu. Nikilila, nimemzika kwa meno yangu mwenyewe. Nilikaa nalo hivyo hivyo mpaka saa sita ilipokaribia, na maganda yake nikayamenya bila kujua kama nimeamua.

Nikalila. Sikusikia ladha yoyote. Nilitafuna huku machozi yanaingia mdomoni, na nilipomeza nikasema kwa sauti, "Kabange, unisamehe."

Baada ya muda miguu ikarudi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshavunja mwiko wa mama, wa yule askari ulikuwa nini kwangu? Nikainuka, nikamwendea rubani, nikamwambia kila kitu, damu, ndugu, saa nane. Nilikuwa nikipiga kelele, nadhani nilimshika shati.

Akavua miwani. "Mwalimu, minyi nilijua? Tangu saa tatu uko naangalia tu, husemi kitu!" Akageuka. "Funga mulango! Magunia yenye kubakia, ibakie!"

Aka! Saa tatu za mateso, na neno moja tu ndilo lililokuwa linatakiwa. Wenye samaki walilalamika, mmoja akanitukana kwa Kiluba safi. Sikumjibu, alikuwa na haki yake.

Saa moja yenyewe

Tuliruka saa sita na nusu. Saa moja ile, ndugu zangu, ndiyo safari ndefu niliyopata kusafiri maishani. Hakuna tope, hakuna lango, hakuna wa kugombana naye. Mimi na lile yai tumboni tu. Kila dakika nilimwona Kabange amefunikwa shuka. Nilijiambia mimi ni mtu wa shule, yai ni yai. Kisha ndege inadondoka kidogo kwenye wingu, na mimi nasema, njo sasa, amekwenda.

Magurudumu yalipogusa Luano, uwanja wa Lubumbashi, simu ikaamka. Ngoie alikuwa amenipigia mara saba. Nikampigia. Ikalia, ikalia, hakuna aliyejibu. Nikapiga tena. Hakuna.

Sikumbuki gari lililonipeleka, nakumbuka tu kwamba dereva aliacha kuongea aliponitazama usoni. Saa nane kasoro dakika chache niliingia kwenye uwanja wa hospitali, na Ngoie akaniona kutoka mlangoni akapiga ukelele, akaanguka magotini. Nami nikasimama pale pale. Ukelele ule kwetu una maana moja.

"Amekufa saa ngapi?" nikauliza.

"Nani alikufa? Wee Yaya, ingia! Dokta alisema atangoja mpaka saa nane na nusu, kiisha basi! Simu walininyang'anya kule ndani!"

Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Muuguzi alikuwa amekwisha kunishika mkono. Akanitoboa kidole, akapima, akanifunga kitambaa cha presha.

"Ulikula leo?"

"Nilikula."

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

Akatazama mshale wa kipimo cha presha. "Iko chini kidogo, lakini itafaa. Kama hukukula, ningekurudisha." Nikageuza uso ukutani.

Ijumaa asubuhi

Chupa ile ya mtu wa Lubumbashi waliimalizia kwenye chumba cha kupasulia. Yangu waliitundika alfajiri, Kabange amerudishwa kitandani, mguu umefungwa vyuma. Waliizuia kidogo wabadilishe mshipa, kisha wakaiachia iendelee. Nilikaa kando yake nikihesabu matone.

Akafumbua macho. Alinitafuta taratibu, akanipata.

"Kyungu."

"Niko."

"Balikupa nini?"

Ngoie akacheka kwa furaha, hakujua. Mimi nilihisi baridi mpaka kwenye vidole vya miguu. Ningeweza kusema lilivunjika, ningeweza kusema liliibiwa. Miaka arobaini na moja sijamdanganya.

"Yai," nikasema. "Kabange, yai yako niliikula. Ku Mulongo. Nilikuwa naanguka, hakukuwa kingine. Niliikula yote."

Alinitazama mimi, kisha akatazama juu, kwenye chupa, akafuata ule mpira wa damu kwa macho, polepole, kutoka kule juu mpaka mkononi kwake.

"Si njo ile iko nashuka pale?" akasema. "Basi ilinifikia."

Akafunga macho akalala, na mimi nikaenda nje kutafuta chakula cha watu wawili.